Dakika ya Navkiran

Kila siku, Navkiran akitoka shule, alikunywa chai, akameza kipande cha chapati ya viazi, kisha akapanda ndani ya lori la mjomba wake Gurtej lililoegeshwa nyuma ya nyumba yao mjini Livingston. Mama yake, Balwinder, alikuwa ameshakaa kwenye usukani. Vioo walivifunga, maana ulikuwa msimu wa kuvuna lozi na mashine za mashambani zilitimua vumbi lisilo na adabu. Humo ndani joto lilikuwa la tanuri.

Mama alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa udereva wa malori, sehemu ya kukagua breki za upepo. Navkiran, mwenye miaka kumi na miwili, alishika karatasi ya hatua, naye Mama alizikariri kwa Kiingereza, lugha aliyoiparamia ukubwani. Zima injini. Achia breki za kuegesha. Kanyaga pedali dakika nzima, mshale wa kipimo cha upepo usishuke zaidi ya alama nne. Hatua moja ikikosewa, mtihani umekwisha.

Dakika hiyo aliihesabu Navkiran. Nje aliwasikia wenzake wakidunda mpira wa kikapu, naye amefungiwa kama kuku tengani. Siku ya tatu uvumilivu ulimwishia. Akahesabu harakaharaka, na kabla hata nusu dakika haijafika akasema, "Tayari, Mama!" Mama hakushuku kitu. Tangu hapo dakika ya Navkiran ikawa inapungua kila siku.

Mama akaanguka mtihani. Akarudia, akaanguka tena.

"Eti nimeachia pedali mapema!" alilalamika. "Mapema ipi? Nimekanyaga vilevile kama hapa!"

"Labda saa ya mtahini ni mbovu," Navkiran akajibu, na papo hapo akajichukia.

Ilibaki nafasi moja. Akiikosa, Mama angeanza upya kila kitu, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa kwa baridi ya chumba cha kufungashia mapichi alikofanya kazi. Jioni ya kuamkia mtihani alishika usukani.

"Nikianguka kesho, mwanangu, narudi kwenye barafu ile. Haya, hesabu."

Navkiran alibanwa kotekote. Akisema, Mama atamkasirikia. Asiposema, Mama ataanguka.

"Mama, usikanyage kwanza. Dakika yangu ni ya uongo. Nilikuwa nahesabu haraka ili nikacheze."

Mama alimgeukia taratibu. "Unasema nini wewe? Mara mbili nimeaibika mbele ya yule mzee mtahini! Kumbe kikulacho ki nguoni mwako!"

Mjomba Gurtej, aliyekuwa akifuta taa za mbele, alifungua mlango. "Dada, mgombeze baadaye. Kanyaga sasa, nitahesabu kwa saa."

Mama akakanyaga. Sekunde ishirini, mshale umeshuka alama mbili tu. Arobaini, alama tano. Dakika ilipotimia, ulikuwa umeshuka saba. Mjomba aliduwaa. Aliteremka, akainama kati ya kichwa cha lori na tela, na hapo akausikia upepo ukifoka kwenye mpira wa kupitishia upepo wa breki, uliochanika.

"Mimi mwenyewe nikikagua breki kila asubuhi naishia sekunde ishirini," alisema, uso umemshuka. "Na keshokutwa nilikuwa nateremka nalo mlimani, nyuma nimebeba nyanya tela zima."

"Ala! Kumbe wezi wa dakika mko wawili!" Mama akasema. Hakucheka.

Mpira mpya ulifungwa jioni ileile. Kisha Mama akarudia zoezi mara sita, dakika kamili kila mara, na Navkiran hakulitazama dirisha.

Kesho yake Mama alirudi na karatasi mkononi. Amefaulu! Navkiran alimrukia, akamkumbatia huku analia.

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Ila sikiliza, na wewe Gurtej usijifanye hayakuhusu. Njia ya mwongo ni fupi. Uliniangusha mara mbili kwa kukosa subira, nalo ni kosa. Lakini jana ungenyamaza, leo nisingefaulu, na kesho mjomba wako angeteremka mlima bila breki. Kosa lisemwe lingali linatengenezeka."

"Nimesikia, Mama."

"Mpira utacheza. Ila kila asubuhi kabla ya shule utapanda lorini, umhesabie mjomba wako sitini."

"Sitini zote?" Mjomba akaguna.

"Zote," Navkiran akasema. "Na nikisikia umeachia, naanza moja."