Bibo Lisilo na Korosho

Shakila ndiye aliyeliona jambo lile kabla ya wenzake. Kila wanafunzi waliponong'onezana kwa Chiyao, lugha ya nyumbani kwao, chaki ya Mwalimu Asiyatu ilisita ubaoni kidogo, kisha ikaendelea na safari yake. Hakumwambia mtu. Alijisemea huenda chaki yenyewe ni mbovu tu.

Mwalimu Asiyatu alikuwa mgeni. Alikuwa akisoma mwaka wa tatu katika chuo kikuu huko kwao Malawi, na alikuja kwa muhula mmoja tu kumsaidia Mwalimu Theodora kufundisha Kiingereza katika shule yao, nje kidogo ya mji wa Masasi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Siku moja alihitaji ufagio, akaomba "kitu cha kufukuza vumbi." Darasa la sita zima lilicheka mpaka madawati yakalia.

Kabla hajaja, Kiingereza kilisomwa kwa pamoja, kama kwaya. Shakila alipenda hivyo. Alimwachia Wema, jirani yake wa dawati, atangulie nusu neno, naye akadandia nyuma yake. Miaka mitatu alisafiri hivyo bila nauli. Sasa huyu mgeni alikuja na mtindo wake: kila siku safu moja, mmoja mmoja, kitabu mkononi, wengine kimya. Jumatatu ilikuwa zamu ya safu ya mlangoni. Jumanne, safu ya pili. Jumatano, ya tatu. Shakila alikaa safu ya nne.

Wiki ile hakutulia hata kidogo. Alifagia uwanja, akaufagia tena. Alikwenda kuteka maji kabla hajatumwa. Alianza kuanika korosho, akaziacha nusu jamvini, kuku wakaja kuzichakura.

"We mtoto, una siafu miguuni?" mama yake aliuliza. "Kaa chini, basi!"

"Nimekaa, mama."

"Umekaa wapi? Umechuchumaa kama anayesubiri kukimbizwa."

Alhamisi ikafika. Mwalimu Asiyatu alisimama mbele ya safu ya nne. Wa kwanza alisoma, akakaa. Wa pili akasoma kwa kujikwaa, naye akakaa. Dawati lililofuata lilikuwa la Wema na Shakila. Hapo Shakila aliinamisha kichwa, akamnong'oneza mwenzake kwa Chiyao, "Chuo chenyewe hajamaliza. Mwalimu gani huyo? Bibo lisilo na korosho."

Masasi nzima inajua kwamba korosho ndiyo mali. Bibo, tunda linaloibeba, hunyonywa utamu wake likatupwa, na mengi huachwa yaoze chini ya mikorosho. Wema naye alikuwa na mdomo usiojua kunong'ona. Kicheko kilimpasuka, akalirudia jina lile kwa sauti, kwa Chiyao kilekile. Darasa likalipuka.

"Bibo! Bibo!"

Safari hii chaki haikusita. Iliwekwa mezani.

"Tulieni, wadogo zangu," alisema Mwalimu Asiyatu, naye alisema kwa Chiyao. Lafudhi ilikuwa ya kusini mwa Ziwa Nyasa, lakini maneno yalinyooka kuliko yao. "Bibi yangu kule Mangochi hana lugha nyingine. Hii ndiyo aliyonibembelezea. Mwalimu Theodora aliniomba nisiitumie darasani ili mzoee Kiingereza, nikakubali. Lakini siku ya kwanza nilipowasikia mkiisema, nililala usingizi mzuri. Nilijua nimefika kwa ndugu zangu."

Alikusanya vitabu vyake, akatoka.

Baada ya muda aliingia Mwalimu Theodora. "Nani aliyemtusi mwalimu?"

Macho yote yalimgeukia Wema. Wema akasimama. "Ni mimi, mwalimu."

"Basi Jumamosi huendi Newala. Jina lako nalifuta."

Wema ndiye aliyeteuliwa kuiwakilisha shule katika mashindano ya kusoma Kiingereza. Hakuwa amewahi kufika Newala hata mara moja. Mama yake alikuwa ameshampunguzia sketi mpya. Wema alikaa, akatazama kitabu kilichofungwa.

Walipokuwa wakirudi nyumbani Shakila alimkimbilia. "Kwa nini hukunitaja?"

"Mdomo uliopiga kelele ni wangu," Wema alijibu bila kusimama. "Na wewe wako unao."

Ijumaa asubuhi, kengele ya shule haijalia bado, Shakila alikuwa mlangoni mwa nyumba waliyoishi walimu wale wawili. Alikuwa amepita nyumba ile mara tatu, akienda na kurudi. Mwalimu Theodora alikuwa akipiga pasi, Mwalimu Asiyatu akisahihisha madaftari.

"Shikamooni, walimu."

"Marahaba. Kulikoni? Mbona umelowa jasho?" aliuliza Mwalimu Theodora.

"Lile jina nililitunga mimi. Wema alilirudia tu."

Mwalimu Theodora aliiweka pasi chini. Mwalimu Asiyatu ndiye aliyeuliza, taratibu, kwa Chiyao, "Ulijua kwamba nasikia?"

"Nilihisi."

"Na bado ukasema."

"Ndiyo, mwalimu."

Miguu ya Shakila ilichora vumbi, huku na huku.

"Nisikilize, mwanangu," alisema Mwalimu Theodora. "Kumdharau mtu kwa kuwa bado anajifunza ni kosa, maana sote tunajifunza. Lakini kumwacha mwenzako abebe kosa lako ni zito zaidi, na mzigo huo haukai kichwani kwake peke yake. Wewe mwenyewe umeona jinsi ulivyokuchosha. Anayesema kweli kwa kuchelewa ni bora kuliko asiyesema kabisa. Kesho Wema atakwenda Newala, ila leo ataomba radhi kwa kelele zake. Nawe utaomba radhi mbele ya darasa zima."

"Nitaomba, mwalimu."

Mwalimu Asiyatu alifunga daftari. "Jambo moja tu bado silielewi, Shakila. Nilikukosea nini?"

Miguu ya Shakila ikatulia.

"Hukunikosea, mwalimu. Zamu ilikuwa imenifikia." Akamtazama usoni. "Mimi sijui kusoma Kiingereza. Hata mstari mmoja. Tangu tulipoanza kukisoma, darasa la tatu."