Kamba Kwenye Mashine ya Bibi

Kila alfajiri theluji ilipoanguka, baba yake Kozue alitoka kuendesha greda la kusukuma theluji. Alifungua barabara zote za mtaa, lakini greda liliacha tuta gumu la theluji mlangoni kwa kila nyumba, hata kwake mwenyewe. Tuta hilo aliliondoa mama yake, Bibi Fumie, mwenye miaka sabini na minane, kwa mashine kubwa ya kutafuna na kurusha theluji, iliyoachwa na marehemu mumewe.

Asubuhi moja Kozue aliona jambo la hatari. Kile kishikio ambacho ukikiachia mashine husimama, kilikuwa kimefungwa kwa kamba.

"Bibi, mbona umekifunga?"

"Vidole vimechoka kukibana. Usimwambie baba yako! Ataniketisha ndani kama chombo cha maua."

Kozue aliahidi. Darasani hakusikia hata somo moja. Jioni aliunganisha viganja mbele ya picha ya marehemu babu, akaomba theluji isianguke.

Ilianguka usiku kucha.

Kulipokucha alisimama mlangoni, macho hayabanduki kwa Bibi. Ghafla Bibi akateleza, akaanguka chali. Mashine haikusimama. Iliendelea peke yake, meno yakizunguka, ikaanza kutafuna ua wa mbao. Kozue alipita nyuma, mbali na meno, akaizima kwa ufunguo. Kisha akamsaidia Bibi kuinuka.

Baba aliporudi, Bibi aliwahi kusema, "Nimeteleza tu."

Kozue alionyesha ile kamba. "Baba, kishikio kilifungwa kamba. Nilijua tangu jana. Nisamehe, Bibi."

"Kumbe nafungulia watu wote njia, mama yangu namwacha na tuta," alisema Baba.

Jumamosi walikwenda dukani kwa Bwana Kudo, muuza mashine za theluji. Baba akaelekea kwenye mashine kubwa kuliko zote.

"Hiyo ya nani, yako au ya mama?" Bwana Kudo alimtania.

"Bibi ajaribu mwenyewe," alisema Kozue, "akiwa na glavu zake nene."

Ya kwanza Bibi hakuweza kuigeuza. Ya pili ilikuwa nyepesi, lakini kishikio chake kilimuumiza vidole. Ya tatu ilikuwa ndogo, ikiwaka kwa kubonyeza kitufe, na kishikio chake kilishikwa kwa kiganja tu. Bibi alikiachia. Ikasimama papo hapo. Akakibana tena, akakiachia tena, akacheka.

"Inameza theluji kidogo kidogo," alinung'unika.

"Hata wewe, Mama, unakula kidogo kidogo na unashiba," alisema Baba.

Walirudi nyumbani na ile ndogo, na Bibi akafungua ile kamba kwenye mashine kubwa, akafungia magazeti ya zamani. Kisha akamshika Kozue mkono.

"Nilikutwika siri mbaya, mjukuu wangu. Siri inayoweza kumuumiza mtu usiifiche, hata akuombe mtu unayempenda. Mwambie mtu mzima mwingine siku hiyohiyo. Nami nimejifunza: kusema 'siwezi' si aibu."

Usiku huo theluji ilianguka tena. Kozue alilala fofofo.