Gamba Aliloliokota Kamate

Siku ya meli ya Bukavu, bandari ya Goma haikuwa na mahali pa kutia mguu. Marcelline alikuwa ameketi nyuma ya kapu la samaki wa chumvi, kitenge cha manjano, nywele mistari mitano hadi utosini, mkononi kijiwe. Kijana wa abacost ya kahawia, ile suti isiyovaliwa tai, akachuchumaa mbele yake. Samaki hakuwatazama.

"Mama, hiyo jiwe unauzisha?"

"Mimi si mama yako, sitwayeni," alimjibu kwa neno la serikali la kumwita mwananchi. "Nauzisha samaki."

"Unionyeshe tu."

"Unaangalia jiwe ao mukono?"

"Nilianza na jiwe."

Aliitwa Florent, jina alilolinong'ona, maana siku hizo majina ya ubatizo yalikatazwa na serikali. Alitoka Masisi, akimchorea Mzungu mmoja magamba ya ziwani yaliyogeuka mawe. Na katika kijiwe kile lilikuwamo gamba dogo, umbo la kofia, halikujikunja kama la konokono. Kamate, kaka wa Marcelline, aliliokota Vitshumbi, kijiji cha wavuvi, akamtumia. Wiki ya pili kiboko akapindua mtumbwi wake. Mwili haukuonekana.

Miezi minne Florent alikwenda kwao Marcelline, mtaa wa Mabanga, kila Jumapili, viatu vyeusi vikifika kijivu kwa vumbi la volkano. Kwa ncha ya sindano alitoa udongo ndani ya gamba, chembe kwa chembe, na uchumba wao ukakua hivyo hivyo.

"Unaona? Nyama yake ilishikilia mahali mbili. Jamaa zake wote wako na tatu. Si mutoto mupya wa ukoo wao, chérie. Ni ukoo mupya."

"Na jina?"

"Tutaomba wataalamu wa Ulaya waiite Kamatea. Ya Kamate."

Marcelline akalifunga jiwe katika leso.

"Muzungu wako aipeleke Ulaya waipime. Lakini ni ya kuazima. Irudi mbele ya mahari."

"Itarudi. Nimekupa neno."

"Na baba hatapokea ng'ombe zenu za Masisi. Kwetu Wanande ni mbuzi."

"Basi nitajifunza kuchunga mbuzi," akasema, wakacheka.

Mwaka ulipokaribia kuisha, Marcelline aliitwa posta. Florent alipiga simu kutoka Bukavu.

"Wamekubali, mupenzi. Jina imeandikwa ndani ya kitabu."

"Mungu asifiwe. Na jiwe?"

Waya ukakoroma.

"Florent, nimeuliza jiwe."

"Ile jiwe wamejengea jina juu yake haitoke tena kwa nyumba yao ya makumbusho. Ni sheria yao. Mutu akibisha kesho, anaenda kuangalia ile ile. Sikujua. Naapa sikujua."

Karani wa posta aliinamia stempu zake.

Jumapili Florent alikuja na ukurasa wa kitabu hicho. Marcelline aliusoma kwa kidole, herufi baada ya herufi. Aliamini kwamba Florent hakujua, na hilo ndilo lililomuuma: hakuwa na wa kumkasirikia.

"Jina yake itabaki hata sisi tukifa," Florent alisema taratibu.

"Jina nilikuwa nayo. Nilikuwa naiita kila siku. Kitu ya mukono wake ilikuwa moja tu."

"Niende niwaombe?"

"Watakupa?"

Alitazama sakafu. "Hapana."

"Basi mbuzi uzipeleke kwingine. Ningekuwa nakusamehe kila asubuhi, Florent. Ile si ndoa."

Chai ikapoa bila kuguswa. Marcelline alimsindikiza hadi njia ya Munigi, mbali kuliko mgeni anavyosindikizwa, akamnyooshea kola iliyopinda. Hakuna aliyeaga, kila mmoja alingoja mwenzake aanze, mpaka Florent akavuka barabara, na lori la kabichi likapita katikati yao.