Bunduki ya Elva Zadow

Asubuhi ya kwanza baada ya bunduki kuingia nyumbani, jiko la Ailsa Traeger lilinuka gundi ya unga. Haikuwa harufu ya mkate, wala ya uji ulioungua. Ilikuwa ile gundi ya unga wa ngano na maji ambayo zamani, katika uwanja wa shabaha wa mji wao wa Hallam, ilitumika kubandikia vipande vya karatasi juu ya matundu ya risasi. Gundi iliyosahaulika ndooni siku ya joto ikachacha. Ailsa alifungua madirisha, akamwaga takataka, akapiga deki. Harufu haikutoka. Baba yake, Lyle, alipokuja kunywa chai, alisimama mlangoni, akanusa, akageuka.

"Baba, chai inapoa."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, na hujala?"

Mzee alirudi chumbani kwake akafunga mlango.

Ailsa alikuwa dereva wa basi la shule. Jumamosi alipiga shabaha na wenzake wa klabu kwa bunduki ya kuazima, iliyopita mikononi mwa nusu ya mji na kila mtu akaipinda kwa namna yake. Alitaka yake. Fedha alizokuwa nazo hazikuwa nyingi, ila alijua anachotafuta. Bunduki mpya za mashindano ziliuzwa bei ya gari. Zile za kuwindia, zilizopangwa dukani katika mji wa Port Augusta zikimeremeta, zilikuwa na mtutu mwembamba ambao ukipiga mara chache hupata moto na kuanza kutawanya risasi kama mtu anayewarushia kuku mtama.

"Mimi sinunui mbao," alimwambia Glen Noske, mwenyekiti wa klabu. "Nanunua mtutu."

"Basi tafuta ya marehemu," Glen alisema. "Kitako cha zamani hakuna anayekitaka, bei inashuka yenyewe. Ila chungulia ndani kwanza. Kuna mitutu humu mjini imechakaa kuliko mimi."

Ndivyo alivyofika kwa Conrad Zadow, mkulima mjane aliyeishi peke yake kwenye shamba la ngano kusini mwa mji. Conrad aliitoa bunduki ya marehemu mkewe kwenye kabati la chuma, akailaza mezani juu ya taulo. Ilikuwa ya kutia risasi moja moja, nzito, na kitako chake kilikuwa kimepauka. Ailsa alichomoa bolti, chuma kinachofunga nyuma ya mtutu na kufyatua risasi, akamulika tochi kwa nyuma, akachungulia. Mifuo ya ndani ilikuwa mikali kama imechongwa jana. Pale mdomoni mwa chemba, ambapo moto wa baruti hula chuma kwanza, hapakuwa hata na ufa.

"Mtutu huu umepiga risasi ngapi, mzee?"

"Chache. Elva aliufunga mpya kwa ajili ya fainali ya Ngao ya klabu. Akapiga fainali, basi. Hakuishika tena. Majira ya baridi yaliyofuata tukamzika."

"Kwa nini hakuishika tena?"

Conrad alimtazama. "Wewe ni Traeger wa Lyle?"

"Ndiye baba yangu."

Mzee alishusha bei kabla hajaombwa. "Ningekupa bure," alisema, "lakini polisi wanataka bei kwenye karatasi zao. Ipeleke nyumbani kwa baba yako. Msalimie."

Ailsa alidhani ni ukarimu.

Lyle alipoiona alishika ukingo wa meza. "Irudishe."

"Baba, hujaichungulia hata."

"Mtutu umekufa huo. Nenda Port Augusta ununue mpya, hata ya kuwindia. Nitakuongezea mimi."

Ailsa alishangaa, kwa sababu baba yake hakuwa mtu wa kuongezea. Jina lake lilichongwa kwenye Ngao iliyotundikwa ukutani mwa klabu, na kwa jina hilo alikuwa ameishi miaka yote kama mfalme mdogo. Kuhusu bunduki hakuwahi kumdanganya. Hii ilikuwa mara ya kwanza, na Ailsa, aliyeuona mtutu kwa macho yake, alijua ni uongo.

Jumamosi hiyo, kutoka yadi mia tisa, bunduki ya Elva iliweka risasi zake zote mahali ambapo ungeweza kuzifunika kwa sahani ya chai. Upepo ulipogeuka Ailsa hakuwahi kurekebisha, na risasi bado ikaingia katikati.

"Dada, tuonee huruma," Glen alisema akiwa kwenye darubini. "Ukiendelea hivi tutahamia kwenye karata."

Ailsa alicheka. Alikuwa hajafurahi hivyo tangu mumewe alipoondoka. Lakini alipoishika bunduki ili aifute alihisi kitu kimeegemea bega lake la kulia, uzito kama wa kidevu cha mtu anayelenga pamoja naye.

Sauti zilianza wiki ile, mchana, jua likiwa la utosi na mji wote umejifungia ndani kukimbia joto. Kapi lilikuwa likilia darini. Kamba ilishuka, ikatulia, ikapanda, kama mtu wa kuweka alama anayeshusha shabaha ndani ya handaki la uwanjani, akaitazama, akaipandisha tena. Juu ya dari ile hapakuwa na kapi wala kamba. Kisha vikaja vipande vya karatasi, vyeusi, vya mraba, vikubwa kama kucha ya dole gumba: kimoja ukutani karibu na jiko, kimoja juu ya mkate uliofunikwa, na kimoja kwenye picha ya Lyle akiwa amebebwa kwenye kiti na wanaume wa klabu, siku ile ya Ngao, kimebandikwa sawasawa juu ya uso wake.

"Nani anafanya mchezo huu?" Ailsa aliuliza.

"Toa hiyo bunduki," baba yake alinong'ona. "Nakuomba, mwanangu. Itoe."

"Niambie kwanza imekufanya nini."

Mzee aliigeuza picha ikatazama ukuta.

Siku iliyofuata Ailsa alirudi kutoka zamu ya asubuhi akakuta nyumba kimya, na harufu ya gundi imekuwa nzito kiasi kwamba ilikaa ulimini, akaita baba, akasikia badala ya jibu mkwaruzo wa brashi, ule wa kupaka taratibu, bila haraka, wa mtu anayejua kazi yake, akaufuata ukumbini, chumba baada ya chumba, na kila mlango aliofungua mkwaruzo ulihamia wa mbele, hadi akafika kwa baba yake na kumkuta ameketi kitini wima, mikono magotini, na juu ya kila jicho kipande cheusi cha karatasi kilichobandikwa na kusawazishwa pembe zote nne, kikiwa bado kibichi.

"Ailsa?" alisema. "Ni wewe? Mbona wewe unapumua na huyu mwingine hapumui?"

Alivibandua kwa maji ya moto na kitambaa. Kope zilitoka navyo. Kisha akampigia simu Zulaikha Sher.

Zulaikha alikuwa muuguzi mstaafu. Babu yake alikuja nchi ile na ngamia, kutoka upande wa Peshawar, akaacha nyuma kisima, msikiti wa mabati na visomo vyake. Wazungu wa Hallam walimwita nyumba zilipokuwa nzito, na Jumapili kanisani walijifanya hawamjui. Aliingia, akavua viatu, akaweka kiganja kwenye kabati la bunduki, akakitoa haraka.

"Nilidhani ni jini," alisema. "Majini nayajua, ukiyasomea yanajibu. Huyu ni mtu. Hataki ubani, hataki kondoo. Nikimsomea ananyamaza tu, kama anayesubiri zamu yake."

"Nikiiuza bunduki?"

"Uza. Yeye atabaki. Bunduki ilikuwa mlango tu, na ameshaingia." Alimgeukia Lyle. "Bwana Traeger, ulimfunika nini huyu mwanamke? Sema sasa. Ameanza na macho, ataishia kwenye pumzi."

Lyle alisema akitazama sakafu. Klabu ilikuwa ndogo, watu hawatoshi, kwa hiyo aliyemaliza kupiga alishuka handakini kuwawekea wenzake alama. Yeye alimaliza mapema, akiongoza. Elva alibakiza risasi moja, na alihitaji alama tano, katikati kabisa, nne isingetosha. Risasi ikapita juu ya kichwa cha Lyle. Akashusha shabaha. Tundu lilikuwa katikati.

"Nikalibandika karatasi," alisema. "Nikapandisha shabaha tupu, nikapunga bendera nyekundu. Amekosa. Akapinga, kama kanuni inavyoruhusu. Nikashusha tena, nikahesabu polepole, nikapandisha. Hakuna tundu. Watu wakacheka. Wakamwambia arudi kwenye keki zake."

"Na wewe ukabebwa kwenye kiti," Ailsa alisema.

"Nikabebwa."

Zulaikha alivaa viatu. "Baba yako ampe alama yake. Pale pale, mbele ya walewale. Na aitoe kamili."

Jumamosi saa sita mchana wanaklabu wote walikuwepo. Lyle alishuka handakini peke yake na redio koli. Alikuwa ameapa mbele ya binti yake: kisahani cheupe, kile cha kuonyesha risasi ilipopiga, katikati, na maneno haya, tano, ya Elva Zadow, mimi niliificha. Ailsa alilala kwenye mkeka, yadi mia tisa nyuma, bunduki mbele yake haina risasi, na bolti ameichomoa ameishika mkononi. Mazigazi yalichemka juu ya nyasi kavu. Glen alisafisha koo.

"Elva Zadow," alisema, kwa aibu kidogo. "Risasi ya mwisho."

Bunduki ikalia. Ilimpiga Ailsa begani, na bolti bado ilikuwa kiganjani mwake. Hakuna aliyesogea. Kule mbali shabaha ilishuka, ikakaa, ikapanda.

Glen aliinama kwenye darubini. Kisahani kilikuwa pembeni, nje ya duara.

"Nne," sauti ya Lyle ilisema redioni.

"Lyle, una uhakika?"

"Nne. Naiona mimi, huioni wewe. Iko nje ya mstari."

Ailsa alielewa mara moja. Hata sasa, hata kope zake zikiwa zimeng'oka, mzee alikuwa amekubali kumpa kila kitu isipokuwa Ngao. Aliinyakua redio kwa Glen.

"Baba, mpe yake. Nakusihi, mpe sasa hivi."

Kabla hajajibu, sauti ya mwanamke ilipita redioni, kavu, ya kawaida, kama ya mtu anayeomba chumvi.

"Napinga."

Shabaha ikashuka, na redio ikabaki wazi, na wote pale juu, wanaume kwa wanawake, wakasikia kapi likilia, kisha Lyle akisema hapana, subiri, nilikosea, ni tano, nasema ni tano, kisha brashi ikikwaruza ndani ya ndoo, taratibu, ikipaka, ikipaka tena, na maneno ya mzee yakififia moja baada ya jingine kama ya mtu anayefunikwa mto, hadi ikabaki pumzi ya puani, halafu hata hiyo haikuwepo, na Ailsa alikuwa tayari anakimbia, bendera ya usalama haijapandishwa, hakuna aliyemzuia, na akiwa bado katikati ya uwanja aliona shabaha ikipanda yenyewe mbele yake, kisahani cheupe kikiwa katikati kabisa.

Lyle alikuwa ameketi handakini, mgongo ukutani. Kuanzia puani hadi kidevuni alikuwa amebandikwa vipande vyeusi, safu juu ya safu, vikavu, vya karatasi ya zamani ambayo klabu haikuwa nayo tena. Ndoo iliyokuwa karibu naye ilikuwa na kutu na buibui.

Daktari aliandika kwamba kilichomuua ni moyo. Conrad Zadow alikuja mazikoni amevaa suti yake ya harusi, akasimama nyuma kabisa, akaondoka kabla ya chai.

Siku ya pili yake Ailsa aliingia klabu mchana, akaishusha Ngao ukutani, akaanza kulikwangua jina la baba yake kwa kisu cha jikoni. Glen alimkuta.

"Dada, ngoja kamati ikae."

"Kamati ilikuwepo siku ile, Glen."

Glen aliishika Ngao kwa mikono miwili isiteleze, naye Ailsa akaendelea hadi bamba likawa tupu, akachora juu yake kwa ncha ya kisu: E. Zadow.

Alipuliza vumbi la shaba. "Baba aliniambia watu walicheka," alisema. "Nani walicheka?"

"Ni zamani hizo, Dada."

"Nataka majina."

Glen alilamba midomo. Alianza na lake mwenyewe, kwa sauti ndogo, na kabla hajafika la pili, kupitia dirishani, kule mwisho wa uwanja ambapo hapakuwa na mtu, shabaha ya kwanza ilipanda.