Mlinzi Aliyenyimwa Macho

Somalatha aliacha kupepesa macho siku ya Jumanne. Mumewe Tilakasiri, fundi rangi aliyekuwa akitengeneza upya michoro ya pangoni, alidhani ni utani. Kufikia Alhamisi kope zilibaki wazi hata usingizini, na jikoni kulinuka chokaa mbichi, ile ile ya pangoni.

Tilakasiri alimkimbilia Dokta Hemamali, msomi aliyekuwa akifasiri michoro ya pango la kale la watawa.

"Dokta, yule wa ukutani uliyeniambia nimtie macho ni nani hasa?"

"Si nilishakwambia? Mlinzi wa mlango tu. Macho yamefutika kwa uzee."

"Macho ya Buddha tunayachora tukitazama kwenye kioo, tumempa mgongo. Tukimaliza, tunatazama kwanza mtungi wa maji, tunauvunja. Mtazamo ule wa kwanza una sumu! Kwa huyu sikufanya hata kimoja, kwa vile ulisema ni mlinzi tu."

"Na ulipomaliza ulitazama nini?"

Tilakasiri alikuwa amemtazama mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni pa pango na wali wa mchana ndani ya jani la mgomba.

Walimwita mganga Ediris. Aliingia pangoni, akatoka mbio.

"Nyie wasomi mna vituko," alimwambia Dokta kwa sauti ya chini. "Hayakufutika. Hayakuchorwa kamwe! Watawa walimnyima jini huyo macho makusudi. Na ile minyororo miguuni mwake wewe umeiita mapambo."

"Tufanyeje?" Dokta alinong'ona.

"Yakwangueni. Sijui dawa nyingine."

Tilakasiri akakwangua, Dokta akimshikia taa huku analia na kuomba radhi, na kila kisu kilipopita ukuta ulitoa majimaji ya uvuguvugu yaliyomchuruzika hadi viwikoni, na kutoka kijijini, kule chini, akasikia mwanamke anapiga yowe, akajiambia ni jini anatoka, lazima awe ni jini anatoka, akakaza mkono hadi jicho la pili likaisha na yowe likakatika.

Alikimbia nyumbani. Harufu ya chokaa ilikuwa imetoweka. Somalatha alikuwa ameketi kizingitini, uso kaulaza magotini. Tilakasiri alipiga magoti mbele yake, furaha imemjaa.

"Mke wangu, kwisha kazi. Ametoka."

Somalatha aliinua uso, akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wenye kisu.

"Nilikuita uache," alisema. "Mbona ulizidi kukwangua?"