Paa Nililochora Katika Bustani ya Babu

Nina miaka thelathini na minne, mchoraji wa majengo, mzaliwa wa Bujonde kule Kyela, na hadi leo nikisikia harufu ya kakao inayochachuka natapika. Msinicheke, wasomaji wenzangu!

Babu alituachia bustani ya mikuyu iliyopandwa kabla mama hajazaliwa. Ukoo ulikubali nijenge humo nyumba ndogo ya utamaduni, ya kisasa, wazee wapige ngoma na watoto wajifunze Kinyakyusa. Sharti la mama lilikuwa moja: mti usiguswe, maana chini yake tumezika watu wetu. Nikachora sakafu ya mianzi, imeinuliwa juu ya nguzo kwa sababu ya mafuriko, ikipita katikati ya mashina.

Mume wangu Ambakisye, mnunuzi wa kakao, ndiye aliyesimamia mafundi. Alinibembeleza nipanue sakafu. Akanibembeleza tena niweke paa la kusukuma, linalofunguka lote, ati wazee wacheze wakiona anga. Nililia kwa furaha, jamani! Nani angemshuku mume anayejali kazi yake hivyo? Hata mama alimwambia, "Ndaga fijo, mkwe wangu, asante sana."

Nikaitwa Mbeya kwa kazi nyingine. Niliporudi... mikuyu yote chini! Ameikata ili jua lipige. Paa langu liko wazi, sakafu nzima imetandazwa kakao inayokauka. Pale pa wapiga ngoma, kakao mbichi imefunikwa majani ya migomba, inachachuka, maji yake yanachuruzika hadi makaburini, nzi wamejaa... Ptuu!

Nilipomuuliza hakuona hata haya. Alisema ngoma haimlishi mtu, na kwamba nimemchorea kichanja cha kuanikia kakao kizuri kuliko vyote Kyela. Mimi! Nilimtazama mdomo ule niliokuwa naubusu, nikasikia kinyaa.

Ukoo ulimtimua pamoja na kakao yake. Mama alikuja, akasimama kwenye visiki, akaniuliza, "Gwe mwanangu, haya umeyachora wewe?"

Nikasema ndiyo. Akageuka akaenda zake, na tangu hapo hajanifungulia mlango.

Dada zangu, kaka zangu, msimkabidhi mtu kazi yenu kwa sababu tu mnalala kitanda kimoja. Kila anapoomba kitu kibadilishwe, muulizeni ni cha nini, na kiwanjani mwende wenyewe! Mimi nimemwacha Ambakisye. Lakini mama yangu, nani atanirudishia?