Kompyuta Iliyovaa Sweta

Katika nyumba ya seremala, kila kitu kilivaa. Redio ilivaa. Mtungi wa maji ulivaa. Hata rimoti ya televisheni ilikuwa na kifulana chake cha manjano. Aliyefuma yote hayo ni mama yake seremala, na sindano zake hazikujua likizo.

"Vumbi halina adabu," alizoea kusema. "Ukilipa nafasi, linahamia kabisa."

Mke wa seremala alikuwa mchapaji. Siku alipoleta kompyuta nyumbani, mama mkwe alilipima lile kasha kubwa lenye mashine yenyewe. Akalifumia sweta nzito ya buluu, yenye tundu moja tu mbele, la kitufe cha kuwashia. Sweta ilipendeza, jamani, tusimnyime mtu haki yake. Mchapaji alishukuru kwa mikono miwili.

Wakati huo alikuwa anachapa kitabu cha kusomea cha shule ya jirani. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa. Mwalimu mkuu alikuwa amemwambia, "Hiki kikitoka vizuri na kwa wakati, vingine vyote vitakuja kwako." Kilibaki kidogo tu kimalizike.

Hapo ndipo kompyuta ilipoanza visa. Ukiiwasha, inafanya kazi vizuri. Baada ya muda feni yake inavuma kwa nguvu. Halafu, zii! Imezima yenyewe.

"Umefungua nini humo?" seremala aliuliza.

"Sijafungua kitu, mume wangu. Nachapa tu."

"Kompyuta haizimi hivihivi. Hivyo ni virusi. Wewe na video zako za kusuka nywele!"

Maneno hayo yalimuuma mchapaji sana. Video hizo aliziangalia kwenye simu, tena mara mojamoja.

"Kesho naipeleka mjini," seremala akaendelea. "Ifutwe yote, iwekewe programu upya."

"Na kitabu changu? Kimo humo humo!"

"Utachapa tena."

Utachapa tena! Angeambiwa yeye avunje kabati lililokwisha na alichonge upya, angekubali? Thubutu!

Asubuhi mchapaji alikimbilia kwa jirani yao, fundi wa kompyuta. Watu walimwita Mama Bisibisi, kwa sababu bisibisi yake aliichomeka kwenye kilemba, kama wengine wanavyochomeka kalamu sikioni. Waliporudi pamoja nyumbani, seremala tayari alikuwa anachomoa waya.

"Shikamoo, fundi," alisema, uso umekunjamana.

"Marahaba. Hebu niambie, baba. Wewe huwa unakata mbao kabla ya kupima?"

"Hapana! Nitaharibu mbao."

"Basi na hii usiifute kabla hatujaipima."

Seremala akaiacha waya.

"Kwanza tuokoe kazi," Mama Bisibisi alisema. "Ikiwa bado ya baridi inakaa kidogo, sivyo? Hicho kidogo kinatutosha."

Waliiwasha, wakanakili kitabu kizima kwenye flashi. Mchapaji aliishika ile flashi kifuani, akashusha pumzi. Hofu yake ya kwanza iliisha.

"Sasa sikilizeni," fundi akasema. "Kompyuta ina pande mbili. Kuna vifaa, yaani vile unavyoweza kuvishika: feni, waya, skrini, kibodi. Na kuna programu, yaani maagizo yaliyomo ndani. Hayo huwezi kuyashika. Ugonjwa unaweza kuwa upande huu au ule. Kazi yetu ni kuuliza. Je, inazima ukifungua programu moja tu?"

"Hapana," mchapaji akajibu. "Hata nisipofungua yoyote, inazima."

"Vizuri. Hiyo ni dalili. Tuipime."

Aliiwasha upya na kubonyeza kitufe kimoja kwenye kibodi. Ukatokea ukurasa wa mipangilio.

"Hapa programu zenu zote bado zimelala. Hata virusi vya kawaida vimelala. Ikizima hapa hapa, tutafute kosa kwenye vifaa."

Walikaa wakangoja. Feni ikaanza kuvuma. Ikavuma zaidi. Zii! Kiza kwenye skrini.

"Haya, baba, ingiza mkono hapo nyuma."

Seremala aliupenyeza mkono chini ya sweta, akaurudisha haraka. "Lo! Inachoma!"

"Ina homa. Ikipata joto kupita kiasi hujizima ili isiungue. Haina virusi. Inajiokoa."

"Joto hilo limetoka wapi?"

Mama Bisibisi alijikuna chini ya kilemba. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na sindano zake mkononi. Mchapaji alimwona, akaona huruma.

"Labda ni hali ya hewa," alisema.

"Hali ya hewa gani, mwanangu?" Mama mkwe akaingia. "Semeni tu. Ni sweta yangu."

Aliinama, akaivua mwenyewe. Nyuma na ubavuni mwa kasha kulikuwa na matundu madogo.

"Hizo ndizo pua zake," Mama Bisibisi alieleza kwa upole. "Feni inatoa joto kupitia hapo. Ukitaka kuikinga na vumbi, ifunike ikiwa imezimwa na imepoa. Sasa tusiguse kitu kingine chochote. Tumebadilisha hiki kimoja, tuone."

Kompyuta ilikaa. Ikakaa. Hadi saa ya chakula cha mchana ilikuwa bado inawaka, na feni ikinong'ona tu.

"Mimi ndiye niliyeifumia sweta," mama mkwe alimwambia mwanawe, "na wewe ukamlaumu mwenzio."

Mchapaji alimshika mkono. "Mama, ulifanya kwa mapenzi."

Seremala alitazama chini. Akatoka kwenda kuchonga mbao zake.

Kitabu kilifika shuleni kwa wakati, na mwalimu mkuu akaleta cha pili.

Siku moja seremala alikuwa mbele ya kompyuta. "Mke wangu!" aliita kwa ukali. Halafu akafunga mdomo.

Mama mkwe ndiye aliyefika kwanza. Aliweka kiganja juu ya kasha. "Haina homa. Inazima?"

"Haizimi. Inaganda tu."

"Kila programu?"

"Hapana. Nyingine ziko sawa. Ni hii moja, ya mpira."

"Umeiweka lini?"

"Jana," alijibu kwa sauti ndogo.

"Basi vifaa ni vizima. Mtoe mgeni wako."

Seremala aliiondoa ile programu, akaiwasha kompyuta upya. Haikuganda tena. Kisha akamgeukia mkewe, aliyekuwa amesimama nyuma yao muda wote.

"Nisamehe kwa siku ile. Nilikulaumu kabla sijakuuliza. Nilikosea."

"Nimekusamehe," mchapaji alisema, machozi yakimlengalenga. "Lakini video zangu za kusuka, leo naziangalia hapo hapo, na wewe umekaa."

Wote wakacheka. Mama mkwe akaenda chumbani, akarudi na mto wa kukalia. Ulikuwa wa buluu. Alikuwa ameifumua ile sweta yote, akaufuma upya uzi wake. Akauweka juu ya kiti cha mchapaji.

"Kalia, mwanangu," alisema. "Kiti hakipumui."